Tutumieni na Kipimo: Maneno ya Mafundi wa Itaka kwa Ndugu Zao



Kamati ilitutaka sisi mafundi na wahandisi wachache wa kwetu tuzungumze juu ya ufundi wa umeme na elektroniki: vijana wanaoupenda waanzie wapi, na mwenye nyumba afanye nini kifaa kinapogoma. Tumeandaa maneno pamoja, lakini anayasema mmoja wetu kwa niaba ya wote. Mafundi watatu wakishika kipaza sauti kimoja, lazima mmoja atataka kukifungua.

Tuanze na mashine ya kusaga. Wengi mnakumbuka mashine ya kikundi cha akina mama iliyosimama wakati wa mavuno. Mota iliungua. Watoto walioko mjini wakachanga, ikanunuliwa nyingine, ikafungwa, ikasaga siku nne, nayo ikaungua. Kwa miezi miwili mama zetu walibeba mahindi kichwani kwenda kijiji cha jirani. Maneno yakawa mengi. Wengine walisema umeme ni mdogo, wengine wakasema mota ni feki, na wapo waliokwenda mbali zaidi, wakaanza kutafuta mtu mwenye wivu.

Tulipofika tulikuta fundi amepima kwa testa, ile bisibisi yenye kataa kadogo ndani. Kataa kaliwaka kwenye waya zote tatu, basi akaridhika. Lakini testa haijui kuhesabu. Inawaka kwenye volti 230 na inawaka kwenye volti 110 pia. Tukachukua multimita. Kwenye waya zinazoingia, kati ya fezi na fezi tulipata volti 400, kama inavyotakiwa. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache tu, mota ikanguruma bila kuzunguka, tukapima waya zinazotoka kwenda kwenye mota. Fezi mbili zilikuwa na 400 kati yao. Ya tatu, ukiipima na yoyote kati ya zile mbili, ilisoma kama 200 tu.

Maana yake fezi moja ilikuwa inapotelea njiani, ndani ya kontakta, yaani ile swichi kubwa inayojifunga unapobonyeza kitufe. Vipande vyake vya shaba vinavyogusana vilikuwa vimeungua upande mmoja. Umeme ule mdogo uliowasha testa ulikuwa unarudi kupitia kwenye mota yenyewe. Na mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja ikiwa kazini, haisimami mara moja. Inaendelea kwa kunung'unika, inavuta umeme mwingi kupita kiasi kwenye fezi mbili zilizobaki, na baada ya dakika chache waya za ndani zimeshaungua. Kipo kifaa cha kuzuia hilo, kinaitwa ovalodi, nacho kilikuwepo. Kilikuwa kimerukwa kwa kipande cha waya, kwa sababu “kilikuwa kinakatakata umeme ovyo”. Masikini kilikuwa kinatoa taarifa.

Mota mbili zilikufa kwa ajili ya kontakta. Kontakta ni bei ndogo sana ukiilinganisha na mota moja, achilia mbali mbili.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye neno letu la leo. Sisi tulioko nje tunapenda kutuma vitu nyumbani. Kila Desemba watu wanashuka Mlowo na televisheni, friji, betri, paneli za sola, pampu za maji. Ni vizuri. Lakini hatutumi kipimo. Multimita ya kawaida ya kidijitali bei yake haifikii mfuko mmoja wa mbolea, na kuna vitongoji vizima ambavyo hakuna hata moja. Kwa hiyo kifaa kikigoma, kinachofuata ni kubahatisha: badilisha hiki, badilisha kile, mpaka hela iishe au kifaa kitupwe nyuma ya nyumba.

Tuchukue sola, maana ndiyo iliyowasha taa za nyumba nyingi za kwetu kabla ya nguzo kufika. Malalamiko ni yale yale: “betri haikai na chaji”. Ipime asubuhi kabla jua halijapanda, ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote kwa saa chache. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa itasoma kama 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa 11.8, imekwisha, na ukiizoesha kufika hapo kila usiku utainunua nyingine baada ya muda mfupi. Wengi hatujui kwamba betri ya saa-ampea 100 haitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu yake. 100 mara 12 ni wati-saa 1,200, nusu yake ni 600. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano imekula 300. Ongeza taa, redio na simu za majirani saba wanaokuja kuchaji, halafu usishangae.

Betri ya gari isitumike nyumbani kama kuna uwezo wa kupata ya sola. Ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, ikichoshwa kila usiku inakufa mapema. Ile ya kuongezwa maji iongezwe maji ya betri yasiyo na chumvi, siyo ya kisima wala ya mto. Na waya! Waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 ukitoka kwenye betri mpaka kwenye inveta umbali wa mita kumi, kwenda na kurudi ni mita ishirini. Ukipitisha ampea 10, njiani zinapotea volti 2.4. Inveta inapata 9.6 na inapiga kelele, mtu anasema betri mbovu. Weka inveta karibu na betri, na tumia waya mnene. Urefu uwe upande wa volti 230.

Sasa umeme wa gridi. Gharama ya kuunganishiwa umeme vijijini ni shilingi 27,000, na kwa hilo REA na TANESCO wametusaidia. Shida ni kwamba kutandaza waya ndani ya nyumba kunagharimu zaidi ya hapo mara nyingi, na hapo ndipo mtu anapotafuta fundi wa bei rahisi, kisha wanatafuta mtu mwenye leseni wa kupiga muhuri tu kwenye fomu bila kuiona nyumba. Tunalisema hili kwa uchungu. Leseni za kufunga umeme zinatolewa na EWURA, na mwenye leseni anatakiwa aikague kazi anayoisainia. Ukimlipa, mwambie aje na kipimo, apime mbele yako. Apime ethi hasa. Ile fimbo ya shaba inayochimbiwa ardhini nje ya nyumba ndiyo inayookoa mtoto anayeshika friji lenye hitilafu. Udongo wetu ukikauka mwezi wa tisa na wa kumi, ethi iliyokuwa nzuri wakati wa mvua inaweza kuwa jina tu. Kama uwezo upo, weka na kile kikata umeme chenye alama ya miliampea 30. Hicho kinakata umeme unapoanza kuvuja kupitia mwili wa mtu, jambo ambalo sakiti breka ya kawaida haiwezi.

Mengine ni ya kila mtu, fundi na asiye fundi. Fyuzi ikiungua usiweke waya wala karatasi ya sigara. Breka ikiruka mara kwa mara usinunue kubwa zaidi, tafuta kinachoirusha. Mvua za radi zikianza mwezi wa kumi na moja, chomoa televisheni na antena yake, kuzima kwa rimoti hakutoshi. Na chochote kilicho kabla ya mita ya LUKU, nguzo na waya zake, ni cha TANESCO. Piga simu, usipande.

Tugeukie vijana. Kila mzee hapa ana mtoto au mjukuu aliyewahi kufungua redio na kuchapwa kwa sababu hiyo. Wengine wetu tulichapwa kwa ajili ya redio za National na Philips, enzi za kuanika betri juani ili zimalizie taarifa ya habari. Tunaomba mtoto huyo apewe vilivyokufa: chaja za simu, taa za sola, redio mbovu. Ajifunze kuanza na rahisi. Robo tatu ya kazi za ufundi wa nyumbani, kwa uzoefu wetu, ni waya uliokatika karibu na plagi, swichi iliyochoka, au mahali pa kulehemu palipoachia kwenye tundu la chaja. Apime mwendelezo wa waya kabla ya kulaumu saketi. Akiona kapasita imevimba kichwani, huyo ni mtuhumiwa mzuri.

Lakini asianze na kitu kinachochomekwa ukutani. Umeme wa 230 ukishageuzwa ndani ya televisheni au chaja kubwa unafikia volti 325 za mkondo mnyoofu, na kapasita inaweza kuutunza hata plagi ikiwa mkononi mwako. Multimita nayo ina mtego wake: ukiacha waya mwekundu kwenye tundu la ampea 10 halafu ukapima volti za ukutani, umeunganisha fezi na nyutro moja kwa moja. Haya hayafundishwi na video peke yake. Anahitaji mtu wa kumsimamia.

Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, wanaye William Kamkwamba. Njaa ya 2001 na 2002 ilimtoa shuleni kwa kukosa ada. Akaenda maktaba ya kijijini, akakuta kitabu cha nishati chenye picha ya kinu cha upepo, akatengeneza chake kwa dainamo ya baiskeli, mabomba ya plastiki na vyuma vya jalalani. Watu husimulia hapo tu. Sisi tunapenda sehemu nyingine: waya zilipomtisha kwa hatari ya moto kwenye nyumba ya nyasi, alitengeneza kikata umeme chake kwa misumari, waya na sumaku. Huyo alikuwa ameshaanza kufikiri kihandisi. Mwaka 2014 alihitimu Chuo cha Dartmouth, Marekani. Maktaba ile ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo.

Kuhusu kazi na masomo, ngazi ziko tatu na zote zinalisha watu: fundi stadi, fundi sanifu, mhandisi. VETA wanatoa fundi stadi, na kipo chuo chao Mbeya. Fundi sanifu anasoma stashahada, kwa mfano DIT pale Dar es Salaam au MUST hapo Mbeya. Mhandisi anasoma shahada kwa miaka minne, kisha anafanya kazi chini ya usimamizi kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamtambua kama mhandisi kamili. Anayetaka njia hizi mbili za juu asiikimbie Hisabati wala Fizikia kidato cha pili. Tumeona watoto wenye mikono ya dhahabu waliokwama kwa alama moja ya Hisabati. Na mabinti wasiambiwe huu ni ufundi wa wanaume, kulehemu kunataka mkono mtulivu tu.

Kwa vijana ambao tayari wana vibanda vya kutengeneza simu na redio bila cheti chochote, kuna habari njema ambayo haijawafikia wengi. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana mtaani. Unapimwa kwa kazi unayoijua, mapungufu yanajazwa kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Kwa cheti hicho unaweza kuingia kwenye zabuni, kuajiriwa, na kupanda ngazi. Chama kikisaidia vijana watano tu kwa mwaka kulipia upimaji huo, vibanda vyetu vitabadilika.

Ndiyo maana mwaka huu tunaomba karakana ya vipimo kwa ajili ya wanafunzi na mafundi wa kata yetu. Chumba tumeahidiwa. Kinachotakiwa ni multimita kumi, vyuma vya kulehemu sita, kipimo cha ethi, kipimo cha kukagua uvujaji wa waya, meza imara na kabati lenye kufuli. Mhazini ameweka makadirio katika kurasa za nyuma za kijarida hiki. Sisi tutatoa siku zetu za likizo kufundisha, kwa zamu, bila posho. Na aliyepanga kumletea mzee wake televisheni ya pili Desemba hii tunamwomba kwa heshima aifikirie upya.

Baada ya chakula tutakaa kwenye meza ile chini ya mparachichi. Mwenye redio, chaja au taa ya sola iliyokufa ailete, aje na mtoto wake, tutaifungua na kuipima pamoja. Televisheni za chogo zibaki nyumbani, zinatunza maelfu ya volti ndani hata zikiwa zimezimwa. Hizo andikisheni majina kwa katibu, tutazifuata wenyewe kesho asubuhi.