MOTO ULIO CHINI YA NGAZIDJA

(Hotuba ya afisa elimu ya watu wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, Maisaka, Babati)



Tangu maporomoko ya Desemba 2023 kule Katesh, kila tukikutana habari ya Mlima Hanang haikosi. Serikali ilikwisha kueleza kwamba ile haikuwa volkano. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikameguka, tope likawashukia watu. Lakini baadhi yenu mmeniuliza jambo jingine, na ndilo nililokuja nalo leo: kama chini ya milima ya namna hii kuna moto, mbona hautuwashii taa?

Ili tulijibu swali hili, twende kwanza Ngazidja, kisiwa kikubwa cha nchi ya Komoro. Kipo baharini, upande wa mashariki ukitoka pwani ya Mtwara. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili. Ukiwasikiliza kwa makini utaokota neno hapa na neno pale. Wenzetu hawa wanaishi juu ya mlima wa moto ulio hai. Jina lake ni Karthala, urefu wake mita 2,361. Mwaka 1977 ulipasuka ubavuni, uji wa mawe ukaangamiza kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ulitupa majivu mengi, yakaingia kwenye matangi ya maji. Na matangi ndiyo tegemeo la watu wengi, maana Ngazidja haina mito. Mvua inanyesha nyingi, lakini mawe yake yana matundu matundu, maji yote yanazama.

Pamoja na moto wote huo, umeme wa kisiwa kwa miaka mingi umetoka kwenye majenereta ya dizeli inayokuja kwa meli. Mafuta yakichelewa, ni giza. Kwa hiyo serikali yao ikaamua kuupima ule moto. Nasema kuupima, siyo kuutumia. Hapo ndipo watu wengi tunapochanganya.

Umeme wa jotoardhi, yaani joto la ardhi, hautoki kwenye moto wenyewe. Unatoka kwenye mvuke. Mama zangu mnajua: ukitaka mvuke unahitaji moto, maji, chungu na mfuniko. Ardhini ni vivyo hivyo. Moto ni mawe ya moto yaliyo chini kabisa. Maji ni mvua iliyozama miaka mingi. Chungu ni miamba yenye nyufa, ambamo maji yanaweza kukaa na kuzunguka. Mfuniko ni tabaka la udongo wa mfinyanzi linalozuia joto lisipotee. Kimoja kikikosekana, hakuna kitu. Mlima unaweza kuwa na moto mkali na usiwe na chungu.

Sasa, chungu kimezikwa kilometa moja au mbili chini. Utakijuaje? Kwanza wataalamu wanatembea. Wanatafuta chemchemi za maji moto, na mahali mvuke unapotoka wenyewe. Karthala upo mvuke wa namna hiyo mlimani juu, wenye harufu ya kiberiti. Wanachukua maji na hewa kwenye chupa, wanapeleka maabara. Huko wanaangalia madini yaliyoyeyuka ndani yake, kama silika, ambayo ni madini ya mchanga. Maji ya moto huyeyusha silika nyingi kuliko maji baridi, kama vile majani ya chai yanavyotoa rangi upesi kwenye maji yanayochemka. Basi hata kama maji yamepoa njiani, yanakuja na habari za kule yalikotoka.

Halafu wanapima jinsi umeme unavyopita ardhini. Ule udongo wa mfinyanzi uliopikwa na joto hupitisha umeme kirahisi kuliko mwamba mkavu. Vyombo vikionyesha tabaka hilo, wanasema: huenda mfuniko ndio huu. Angalieni neno "huenda". Kazi ya namna hii ilifanyika Karthala mwaka 2014 na 2015, kwa msaada wa New Zealand, nchi ya visiwa yenye volkano nyingi na uzoefu mrefu wa mvuke, na wa mfuko ambao Umoja wa Afrika ulianzisha mwaka 2012. Matokeo yalitia moyo, ikapangwa vichimbwe visima vya uchunguzi.

Na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kisima kimoja kirefu hula mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Mtambo wa kuchimbia lazima uje kwa meli, upandishwe mlima ambao siku moja unaweza kutapika tena. Mwenye benki hapendi kukopesha kwa neno "huenda". Ndiyo maana Umoja wa Afrika uliweka mfuko ule, ubebe sehemu ya hasara kisima kikikosa mvuke. Mimi naona ni akili nzuri. Bila hivyo nchi ndogo ingebaki kutazama moshi wa mlima wake.

Msidhani ni wao tu. Wakenya walichimba visima 2 pale Olkaria kati ya mwaka 1956 na 1958. Havikutoa mvuke wa kutumika, kazi ikaachwa. Wakarudi miaka ya 1970, wakapima upya, wakachimba tena. Mtambo wa kwanza, megawati 15, ulianza mwaka 1981. Megawati moja inatosha pasi 1,000 za umeme zikiwaka kwa pamoja. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, karibu nusu ya umeme wake. Hesabuni wenyewe: tangu kisima cha kwanza hadi taa ya kwanza ni miaka 25.

Kwetu Tanzania, wataalamu kutoka Sweden na Iceland walizunguka kwenye chemchemi zetu mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2013 serikali iliunda Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi, chini ya TANESCO. Inashughulikia Ngozi na Kiejo-Mbaka kule Rungwe, Songwe, Luhoi huko Rufiji, na Natron. Hapa jirani, ukingoni mwa Ziwa Manyara, kuna maji moto. Ni dalili, lakini dalili moja haitoshi. Na maji yasiyofika joto la kuzungusha mtambo yana kazi nyingine. Kule Eburru, Kenya, tangu miaka ya 1930 wakulima walikaushia pareto kwa mvuke wa ardhini. Sisi wenye mbaazi na mahindi yanayonyeshewa uwanjani tulifikirie hilo.

Lipo na la ardhi. Mwaka 2014 Wamasai wa vijiji 4 pale Olkaria walihamishwa kupisha mtambo mpya. Walijengewa nyumba, lakini wengi wakalalamika: hati ya ardhi imechelewa, njia ni mbaya, malisho siyo yale. Wakaandika malalamiko mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wakasikilizwa, yakafanyika mapatano. Waliandika, jamani.

Kwa hiyo siku mtu akija na vyombo vyake shambani kwako, mkaribishe, kisha umuulize. Barua ya kibali iko wapi? Unapima nini, maji au umeme wa ardhi? Matokeo tutayasoma wapi? Mifugo itakunywa wapi wakati mnachimba? Akikupa karatasi ya fidia, usiweke sahihi papo hapo. Nenda nayo nyumbani, isome mstari kwa mstari, eneo limeandikwa ekari ngapi, miti mingapi. Dole gumba tuliliacha darasani.

Ramani ya Ngazidja nimeichora ubaoni. Maswali sasa, tuanze na mama pale nyuma aliyenyoosha mkono.