Mapigo ya Moyo na Mishipa Iliyojificha

Msikilizaji, mtu anakwenda kupimwa kwa sababu moyo unadunda ovyo, kumbe mishipa inayoulisha moyo damu imeanza kuziba. Kwa nini hili linatuhusu? Kwanza, ugonjwa huu huweza kukaa miaka bila maumivu. Pili, kipimo cha umeme wa moyo huweza kufichua kovu la shambulio ambalo mgonjwa hakulihisi.

Basi, sote tupimwe? Wapo wanaosema kuwahi ni kupona. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga Marekani lilishauri wasio na dalili na wenye hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo wasipimwe kwa kipimo hicho cha umeme: majibu yasiyo sahihi huleta hofu na gharama.

Swali linabaki kwa mwenye hatari kubwa zaidi: mwenye presha na kisukari, asiyeumwa kifua, apimwe, na nani agharamie kipimo chake?