Haki ya Msafiri Aliye Peke Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewawekea waja wake njia katika nchi kavu na baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ninajiusia nafsi yangu na ninakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1325 kijana wa miaka 21, Ibn Battuta, alitoka kwao Tangier, katika nchi ya Morocco, akikusudia kuhiji. Alitoka peke yake. Njiani alishikwa na homa, akajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba chake asije akaanguka. Msafara ulipofika Tunis, watu wa mji walitoka kuwalaki jamaa zao. Yeye hakuna aliyemtolea salamu, maana hapakuwa na aliyemjua. Machozi yakamtoka. Hujaji mmoja akaitambua hali yake, akamwendea, akamsalimu na kuzungumza naye hata wakaingia mjini. Baadaye alivuka milima na majangwa mengi. Lakini salamu ile moja aliitaja katika kitabu cha safari zake, kilichomalizika mwaka 1355.

Mwaka 1331 chombo chake kilishuka katika bahari yetu hii, kutoka Mombasa kwenda Kilwa. Huko alimshuhudia Sultani Hasan bin Sulaiman akitoka katika sala ya Ijumaa. Fakiri mgeni kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizozivaa. Sultani akarudi, akabadili nguo katika nyumba ya khatibu, akampa zile.

Ndugu zangu wa Kibiti na Rufiji, nasi tumekaa njiani. Malori na mabasi ya Lindi na Mtwara hupita milangoni petu. Wanaokwenda Mafia huteremkia Nyamisati. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri hangojei tena kivuko pale Ndundu, naye hupita upesi bila ya kujuana nasi. Basi fikirini: mtu ameteremka Kitonga, amepita Mikumi, akapinda kuelekea kusini, peke yake. Usiku gari linamharibikia. Anabisha hodi. Je, tutamfungulia?

Najua jibu lililomo vifuani. Kati ya mwaka 2015 na 2017 sehemu zetu hizi zilipatwa na mauaji; viongozi wa vijiji na askari waliuawa, na hodi ya usiku ikawa ni kitisho. Hofu hiyo haikuzuka bure, wala dini haimwamrishi mtu kuitia nyumba yake hatarini. Lakini hofu haifuti haki. Katika Suratut Tawba msafiri aliyeharibikiwa ametajwa miongoni mwa wale wanane wanaostahiki zaka.

Iko njia ya katikati. Mwamshe jirani, mwite mwenyekiti wa kitongoji, mwendeeni mgeni pamoja. Mpeni maji na chakula, mwonyesheni baraza ya msikiti alale. Mkiwa wengi, hofu hupungua na wema hautoweki. Mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya kusini, wasafiri walikwama siku kadhaa. Siku kama hizo hujulikana nani ameihifadhi haki hii.

Nawe msafiri, usiighururi nafsi yako. Mtume (s.a.w.) amechukiza mtu kusafiri usiku peke yake. Lipa deni, rudisha amana, waage wazazi, wajulishe watu njia utakayopita. Mwenyezi Mungu amekuhafifishia sala, usiiache. Na dua ya msafiri haina kizuizi: waombee waliokukaribisha.

Ewe Mola wetu, wafikishe salama walio njiani, utuondolee hofu katika nchi yetu, wala usitufanye watu wa kuwafungia milango wageni wako. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.