Niliyoyaona Manchester na Rochdale

(Maneno ya katibu mstaafu wa chama cha msingi mbele ya makatibu na wanachama, Mpanda)



Nimeombwa nieleze habari za mji wa ugenini nilioishi kwa miezi kumi, mwaka 2004, nilipokuwa masomoni Manchester, Uingereza. Wakati huo Mpanda yetu ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, kwa maana Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Nilipanda gari moshi hapa Mpanda, nikapita Kaliua na Tabora, na safari ile ya kwenda Dar es Salaam ilinichosha kuliko ndege iliyonivusha bahari. Sitasimulia habari za baridi na mvua, ingawa vyote viwili nilivipata kwa wingi. Nitataja mambo matatu ambayo nikiyakumbuka moyo wangu hufurahi, kisha nitataja moja lililonitia aibu.

La kwanza ni nyuki. Siku moja niliingia katika jumba kuu la mji wa Manchester, lililofunguliwa mwaka 1877, nikatazama sakafu nikaona imepambwa kwa picha za nyuki. Nikaambiwa kwamba nyuki ndiye alama ya mji ule tangu karne ya kumi na tisa, kwa kuwa ulikuwa mji wa viwanda na watu wake walijifananisha na mdudu afanyaye kazi bila kuchoka. Mimi mtoto wa nchi ya asali, niliyekua nikiona mizinga ikitundikwa katika misitu ya Inyonga, nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimesafiri mbali kiasi kile nikapokewa na mdudu wa nyumbani.

La pili ni jengo moja la kale katika mtaa wa Chorlton-on-Medlock. Ukutani pana kibao kinachowaeleza wapita njia kwamba hapo ndipo ulipofanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Afrika na watu weusi, Oktoba 1945. Jomo Kenyatta wa Kenya alikuwapo, na Kwame Nkrumah wa Ghana, na mzee W. E. B. Du Bois kutoka Marekani. Wakati ule hawakuwa na serikali wala jeshi. Walikuwa na viti, meza, ajenda na kumbukumbu za mkutano. Ghana ikajitawala mwaka 1957, na Kenya mwaka 1963. Ndugu makatibu, tangu siku ile sijaudharau tena mkutano, hata uwe wa watu kumi chini ya mwembe, maadamu maazimio yake yameandikwa na kufuatwa.

La tatu ni Rochdale. Mji huo uko karibu na Manchester, na kwa gari moshi haichukui hata saa moja. Katika barabara iitwayo Toad Lane, nambari 31, lipo duka ambalo sasa ni nyumba ya makumbusho. Humo, tarehe 21 Desemba 1844, watu 28, aghalabu wafumaji na mafundi wa kawaida, walianza biashara kwa mtaji wa pauni 28, waliouchanga kwa peni mbili tatu kila juma. Nilitarajia kuona jambo kubwa. Nikakuta chumba kidogo, mizani, na ubao uliolazwa juu ya mapipa kuwa meza ya kuuzia. Bidhaa zao za mwanzo zilikuwa siagi, sukari, unga na mishumaa.

Nguvu yao ilikuwa katika kanuni zao. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache, na wanawake nao waliruhusiwa kuwa wanachama. Unga wao haukuchanganywa na kitu, wakati ambapo wachuuzi wengi walizoea kutia chokaa. Ziada waligawana kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja. Hawakukopesha, kwa sababu katika mji huohuo chama kilichotangulia kilikufa katika miaka ya 1830 kwa ajili ya mikopo isiyolipwa. Vipimo vilikuwa kamili, na hesabu zilisomwa mbele ya wanachama mara kwa mara.

Hapo, ndugu zangu, ndipo aibu iliponishika. Msimu mmoja kabla ya kuondoka kwangu, mzee mmoja alisimama katika mkutano mkuu wa chama chetu akasema, "Mwanangu katibu, tumbaku niliyoitoa banini si hii niliyolipwa. Hebu nifungulie daftari nione." Nami nilimjibu, "Baba, hesabu za chama si mambo ya kufunguliwa ovyo." Watu wakacheka, mzee akaketi. Nikiwa nimesimama mbele ya mizani ile ya Rochdale, uso wa mzee yule ulinijia, na sikuweza kuendelea kutazama vitu vingine.

Niliporudi niliambiwa kwamba mzee ameacha kuleta tumbaku chamani. Nilifungua leja ya msimu ule, nikalinganisha stakabadhi moja moja, nikakuta robota lake moja limeandikwa kwa mtu mwingine mwenye jina kama lake. Hakuna aliyeiba. Mkosaji alikuwa kalamu yangu, na kosa likakuzwa na kiburi changu. Nilikwenda nyumbani kwake na leja mkononi, nikampigia shikamoo, nikamwonyesha mstari ule. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Marahaba. Fedha nitaipokea. Lakini yale maneno uliyoyasema mbele ya watu, uyarudishe mbele ya watu."

Katika mkutano mkuu uliofuata niliyarudisha. Na tangu hapo, kabla ya malipo yoyote, tulisoma kwa sauti jina la kila mwanachama, idadi ya marobota, kilo, na makato ya pembejeo. Kazi hiyo ilichukua siku nzima, na wapo walioinung'unikia. Lakini mzee alirudi na tumbaku yake, na wanawe wakafuata.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona majumba makubwa ugenini, na mengi nimeyasahau. Chumba kile kidogo cha Toad Lane sijakisahau. Ombi langu kwa makatibu ni moja: msimu huu wa masoko, mwanachama akikuomba daftari, mfungulie kabla hajaketi.