Jerikeni ya Dawa Si ya Maji
(Mazungumzo kwa wanachama, Oltepesi)



Sisi tunaopiga dawa ya magugu kando ya reli twajua maji yalivyo adimu huku Oltepesi, na jerikeni tupu ni mali. Kazi ikiisha, twazisuuza zile za dawa na kuzipeleka nyumbani. Mama atia maji, pengine maziwa ya watoto. Wengi wetu tumefanya hivyo, tusidanganyane.

Twasema, “Tutachemsha.” Lakini moto huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Dawa ya magugu si mdudu. Maji hupungua kwa mvuke, sumu ikabaki chunguni. Wala macho na pua havitoshi: maji yaweza kung’aa, na dawa imo. Plastiki nayo huinywa dawa, kisha huitoa pole pole.

Ile iitwayo parakwati haina dawa ya kuiponya. Funda moja laweza kuua mtu. Nchi za Umoja wa Ulaya haziitumii tangu 2007. Na glaifoseti, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2015 kwamba yaelekea kuleta saratani. Wengine wanabisha. Sisi tusingoje wamalize.

Twataka mwajiri azichukue jerikeni tupu mwenyewe, zikiwa zimesuuzwa mara tatu na kutobolewa, tena atupe sabuni na maji ya kunawa kabla ya kula. Nasi tusipige dawa karibu na silanga, wala mvua ikikaribia.

Mwenye jerikeni ya namna hiyo nyumbani, airudishe stoo Jumatatu. Tutazitoboa pamoja.