Mchezo Ubebe Somo: Kujongea, Michezo na Ubongo wa Mtoto katika Shule za Kasulu na Kibondo



Walimu wenzangu, nchi hii haikungoja watafiti waje kuiambia iwakimbize watoto asubuhi. Mchakamchaka upo shuleni kwetu kwa miongo mingi, na wengi wetu humu tuliukimbia kwenye baridi ya Heru Juu, ya Makere au ya Mabamba, tukiimba, umande ukitulowesha miguu. Kisha kengele inagongwa, na mtoto yuleyule anaingia darasani, anabanana na wenzake kwenye dawati, anaambiwa akunje mikono na atulie mpaka mapumziko. Mwili umemaliza kazi yake uwanjani. Akili ndiyo kwanza inaanza yake darasani. Utengano huo ndio ninaoupinga leo. Siombi vipindi vya michezo viongezwe, ingawa sitavikataa vikija. Ninachotetea ni kwamba mchezo ubebe somo lenyewe: hesabu iwe ndani ya kuruka, na neno jipya liwe ndani ya kukimbia.

Tuanze na ubongo. Mtoto anapokuwa na miaka kama mitano, ubongo wake hutumia karibu asilimia 43 ya nishati yote anayoitumia kwa siku. Nishati hiyo hufika kwa njia ya damu inayobeba sukari na oksijeni, na mwili unapojongea moyo huisukuma damu kwa kasi zaidi. Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto 20 wa umri wa miaka tisa na nusu hivi. Siku moja waliwapima baada ya kukaa, siku nyingine baada ya kutembea dakika 20. Siku ya kutembea watoto walikuwa makini zaidi, na walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kusoma.

Sasa, watoto wetu wengi wa vijijini hutembea zaidi ya hapo kabla ya kufika shuleni, na wengine hupanda na kushuka vilima viwili. Tusijidanganye kwamba kinachokosekana Kigoma ni kutembea. Isitoshe, faida ya namna hiyo ni ya muda mfupi. Ndiyo maana mimi nauegemea zaidi utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2016. Ulihusisha watoto 499 wa darasa la pili na la tatu kwa miaka miwili. Kundi moja lilipata masomo ya kujongea mara tatu kwa wiki, kila mara dakika 20 hadi 30: mtoto akitaja herufi za neno huruka mara moja kwa kila herufi, akipata jibu la kuzidisha huruka mara zinazolingana na jibu hilo. Mwishoni kundi hilo lilikuwa limewaacha wenzao katika hesabu na katika tahajia kwa kiasi cha zaidi ya miezi minne ya masomo. Katika kusoma hawakuwapita. Nawaomba mlikumbuke na hilo la pili, maana atakayewaambia kwamba kuruka kunatibu kila kitu hajausoma utafiti wenyewe.

Tuone basi hapa kwetu inafanyikaje. Nitachukua mchezo mmoja tu niuingie kwa undani: mdako. Kila mtoto wa uwanjani anaujua. Unachimba kishimo kidogo, unajaza kokoto, unarusha kete juu, na kabla hujaidaka unakuwa umeshakomba kokoto kadhaa nje ya shimo. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja, hiyo ni yako. Ukiutazama vizuri, kutoa kumo ndani ya sheria za mchezo wenyewe: nimetoa tano, narudisha nne, inabaki moja. Kazi ya mwalimu ni kuibadilisha sheria kidogo. Ukitoa saba, rudisha kiasi ambacho kitakuachia tatu. Na sharti muhimu kuliko yote: kabla ya kurusha kete, mtoto atamke atarudisha ngapi, wenzake wasikie.

Nimeuona mdako huu ukichezwa na darasa la pili kwenye udongo mwekundu nyuma ya darasa, watoto sita kwa kila shimo. Mtoto mmoja alitoa tisa, akaambiwa abakize nne. Alishika kete mkononi, macho kwenye kokoto, midomo ikimcheza, na wenzake watano walikuwa kimya kabisa wakimsubiri akosee. Akasema, "Narudisha tano." Kwa muda ule watoto sita walikuwa wanaifanya hesabu ileile kichwani, kila mmoja kwa hamu yake. Darasani, mwalimu anapomnyanyua mtoto mmoja kwenda ubaoni, waliobaki hungojea kupiga makofi.

Sababu ya jambo hili kufaulu haiko kwenye misuli peke yake. Mwaka 2008, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha jaribio linalotuhusu kuliko walivyojua wenyewe. Waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani maneno 40 ya Kiswahili wajifunze maana zake kwa Kiingereza. Baada ya mtu kulijua neno, baadhi waliendelea kuulizwa neno hilo mara kwa mara, na wengine waliendelea kulisoma tu bila kuulizwa. Wiki moja baadaye walioulizwa walikumbuka karibu asilimia 80. Waliosoma tu walikumbuka kama theluthi moja. Na kabla ya mtihani makundi yote yalikuwa yamebashiri kwamba yatakumbuka karibu nusu, maana yake mwanafunzi mwenyewe hahisi ni njia gani inamfaa. Kumbukumbu huimarika pale mtu anapolazimika kuitoa kichwani. Mchezo mzuri humlazimisha mtoto kutoa jibu kichwani mara nyingi kwa dakika chache, naye asichoke kuulizwa.

Ndugu washiriki, hapo ndipo michezo mingi tunayoiita ya kufundishia inapotuangusha. Michezo tuliyorithi ina kawaida ya kumtoa anayekosea. Aliyepigwa na mpira kwenye rede anatoka. Aliyekanyaga kamba anatoka. Tukiipeleka kawaida hiyo kwenye somo, mtoto wa kwanza kukaa pembeni ni yule asiyejua, na dakika ishirini zinazofuata wanafanya mazoezi wale ambao tayari wanajua. Kwa mchezo wa somo, anayekosea asitoke. Arudie swali, asaidiwe na jirani yake, aendelee. Kwenye kuruka kamba huku wakihesabu mbili, nne, sita, nane, aliyekwama kwenye kumi na nne aanzie kumi na mbili, si mbili. Na mtoto mwenye ulemavu wa miguu asigeuzwe mshika daftari wa kudumu. Kwenye mdako anacheza sawasawa na wote, na hiyo ni sababu nyingine ya kuupenda mchezo ule.

Kuna jambo letu wenyewe la Kigoma ambalo vitabu vya Ulaya haviligusi. Watoto wengi wa Kasulu na Kibondo huja shuleni na Kiha. Kiswahili wamekisikia redioni au sokoni, lakini si lugha waliyobembelezewa na mama zao. Halafu tunawafundisha kusoma kwa Kiswahili siku ya kwanza, tukishangaa kwa nini anayeitikia silabi vizuri haelewi sentensi. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kuuhusisha mkoa wetu, uliliona pengo hili: uliandaa wasaidizi kutoka jamii husika wakawapokea watoto kabla ya darasa la kwanza kwa hadithi na michezo ili wazoee Kiswahili na shule kwa pamoja. James Asher, Mmarekani, alikuwa ameshaonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba lugha ngeni hushikwa haraka mwanafunzi anapoitikia maagizo kwa mwili kabla ya kudaiwa azungumze. Mwambie mtoto "Simama nyuma ya Neema", "Pita katikati ya miti miwili", "Weka jiwe juu ya tofali, kisha kimbia urudi". Asiyeelewa humwona mwenzake, hufuata, na mara ya tatu haangalii tena pembeni. Hajaaibika, na hajaulizwa swali lolote ambalo jibu lake ni kunyamaza.

Wenzetu waliofundisha katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na Nduta, iliyofunguliwa upya mwaka 2015, wana la kutufundisha kuhusu kufundishia nje. Watoto wa Kikongo na wa Kirundi walifuata mitaala ya nchi zao, wengine chini ya miti, madaftari yakiwa haba. Mwalimu aliyefundisha chini ya mti anajua kupanga watoto wengi mahali pasipo na ukuta, na maarifa hayo tuyaulize kabla hayajapotea.

Niseme neno pia juu ya uongo unaovaa joho la sayansi ya ubongo. Mtasikia kwamba tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo, kwamba kuna watoto wa ubongo wa kushoto na wa kulia, kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza na hana budi kufundishwa kwa mtindo huo, kwamba mazoezi fulani ya kuvusha mkono upande wa pili huunganisha ubongo. Hakuna kati ya hayo lenye ushahidi. Mwaka 2012 watafiti waliwapima walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi wanaopenda sayansi ya ubongo, wakakuta kwa wastani wanaamini karibu nusu ya dhana potofu walizowekewa mbele. Kama wao wameshikwa, sisi tuwe macho zaidi, hasa tunapoletewa semina zenye picha za rangi na bei ya vyeti.

Wengine humu wana hofu kwamba mzazi au mkuu wa shule atauona uwanja umejaa vicheko aseme nidhamu imekufa. Hofu hiyo ina mizizi na naiheshimu. Watafiti waliokaa na walimu na wazazi wa Mtwara walikuta heshima, utii na nidhamu vinapewa uzito mkubwa, na sioni kwa nini Kasulu pawe tofauti. Lakini mchezo wenye sheria ni shule ya utii: mtoto hungoja zamu, hukubali ameshindwa, husimama filimbi ikilia. Mwalimu asiye na ishara ya kuwasimamisha watoto asiwatoe nje. Afundishe filimbi wiki nzima kwanza.

Na njaa je? Mtoto aliyekuja bila kula tangu jana jioni usimkimbize saa tano. Nimeshasema ubongo wake unakula kiasi gani. Palipo na uji, somo la kujongea liwe baada ya uji. Pasipo na uji, tumia michezo ya kukaa kama mdako, na kamati ya shule ikumbushwe mchango wa mahindi wa wazazi.

Kuhusu idadi: mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu wa awali na 45 kwa msingi, nasi tunajua tulio nao. Darasa la watoto zaidi ya mia haliwezi kujongea lote ndani ya chumba. Nusu watoke na viongozi wa vikundi wakacheze walichokwisha kukizoea, nusu wabaki na mwalimu kwa kusoma, kisha wabadilishane. Wakati wa masika, udongo ukiwa tope, kupiga makofi kwa silabi na kusimama na kukaa kwa namba shufwa na witiri kunatosha hapohapo kwenye dawati.

Ninayo maombi matatu. Wadhibiti ubora, mkikuta andalio la somo limeandikwa "uwanjani", msiliwekee alama nyekundu. Nendeni uwanjani mkamuulize mtoto mmoja anajifunza nini, mwalimu apimwe kwa jibu hilo. Vyuo vyetu vya ualimu, Kasulu na Kabanga, viwape wanachuo mazoezi ya kufundisha nje ya darasa kabla hawajaja kwetu. Nanyi walimu wenzangu, Jumatatu chimbeni vishimo. Kokoto hazinunuliwi, na mkija kwenye kikao kijacho cha MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) mje na madaftari ya watoto ili tuone pamoja ni nini kimebadilika na ni nini hakijabadilika.