Pombe na Mtu wa Kazi
(Mazungumzo mbele ya wanachama, Machakos)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya pombe. Hatukuja kuhubiri, wahubiri wapo, na kazi yao twaiheshimu. Twasema kama watu wa reli, ambao maisha ya abiria yamo mikononi mwetu.

Zamani hapa Ukambani pombe ilikuwa na wenyewe. Kaluvu ilitengenezwa kwa maji ya miwa au kwa asali, ikachachushwa kwa miatine iliyokaushwa. Wanywaji walikuwa wazee. Kijana aliweza kutumwa kuibeba, lakini si kuinywa. Ilikuwa pombe ya mahari na mashauri ya ukoo, na kidogo kilimwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia.

Kisha wakaja wamisheni wa Africa Inland Mission, wakaikataza kabisa. Basi kijiji kikawa na watu wa namna mbili: wa kibuyu na wa chai.

Lakini kilichovunja desturi kuliko vyote ni mshahara. Kijana mwenye fedha mfukoni hana haja ya kumwomba mzee ruhusa. Pombe ikatoka kwa wazee, ikawa ya yeyote mwenye shilingi; na muuzaji haulizi umri, wala haulizi kama watoto nyumbani wamekula.

Matokeo yake tuliyaona hapa hapa. Mwezi wa Juni 2005, watu zaidi ya 40 wa Machakos walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Mnywaji haitambui kwa macho, lakini mwili huigeuza kuwa asidi ambayo huharibu mishipa ya macho na kuua. Kabla ya hapo mlevi alikuwa mtu wa kuchekwa njiani. Baada ya mazishi yale, nani angecheka?

Serikali nayo ikabadili njia. Sheria ya 1980 ilikuwa imepiga marufuku chang'aa, ikapikwa mafichoni. Sheria ya 2010 ikairuhusu kwa masharti ya usafi na vipimo, ikakataza kuuzia walio chini ya miaka 18, na ikapanga baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi.

Sasa tuje kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri nguvu ya kumfukuza mara moja mfanyakazi aliyelewa saa za kazi hata akashindwa kazi yake. Lakini kifungu cha 41 chasema kwamba kwanza aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, asikilizwe, na awe na mwenzake au mjumbe wa chama hapo. Haki hiyo msiiache.

Wako wasemao kwamba mwenzi mwema humficha mwenziwe aliyelewa. Hatukubali. Anayegeuza njia za reli pale Konza akikosea, hafi peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kwetu sisi, chaweza kuumbua gari zima la abiria.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, aliyelewa aondolewe kazini siku ile ile, na wenzake wenyewe, kabla hajashika taa wala bendera. Pili, chama kidai katika mapatano na mwajiri kwamba mtu aliyeshikwa na ulevi apelekwe kutibiwa kwanza, kwa kuwa ulevi ni ugonjwa, na mgonjwa hutibiwa. Akikataa matibabu, hapo hatuna la kumtetea.

Wazee wetu walikuwa na sheria ya pombe bila polisi. Sisi tuna chama. Tushindwe na nini kuwa na yetu?

Umoja ni nguvu.